Kiatu cha Kushoto

"Leo siku gani, Amunga?"
"Jumapili, kocha."
Ni Jumamosi. Vumbi la Kayole halijatua bado
pale vichwa viwili vilipogongana
na kimoja kikainuka kikicheka.

Dakika kumi zimebaki, tuko nyuma kwa bao moja.
Wazazi wananizomea: yuko sawa huyo, mrudishe!
Naye ananiomba kwa macho mawili,
moja likichelewa kunifikia.

Nimemvua kiatu cha kushoto, nikakikalia.

Tumefungwa. Nitasemwa wiki nzima.
Mama yake kafika na aproni ya kibandani;
nimemwambia asilale bila wa kumtazama,
akitapika, hospitali, usiku huohuo,
na mpira hapana, mpaka daktari aseme.

Kiatu nimekwenda nacho.
Ukikijia, Amunga,
nitakuuliza tena siku.