Nyuzi Saba, Nyuzi Tisa

Jumanne, kliniki ya viungo, Tabora mjini.
Nyamizi wa darasa la sita anavua viatu,
anasimama kwenye saruji baridi.
"Inama," namwambia, "viganja pamoja,
kama unayetafuta sindano iliyoanguka."
Anainama. Mbavu za kulia zinainuka,
kichuguu kichanga baada ya mvua.

Naweka kifaa mgongoni: bomba lililopinda,
ndani yake gololi moja isiyo na haraka.
Saba. Naandika, nafunika karatasi.
Zaituni anatoka nyuma ya pazia, hajaambiwa kitu.
Tisa.
Narudia mimi. Sita.
Mgongo ni uleule, dakika ni kumi.

"Kwani mgongo wangu unatembea?" anauliza,
kichwa bado chini, sauti ikitokea magotini.

Sina jibu la kumpa mtoto aliyeinama.
Pumzi huinua. Goti likilegea hushusha.
Kidole changu huhesabu pingili, huruka moja.
Mashine ya picha ipo, ng'ambo ya uwanja,
lakini mionzi si uji
wa kumnywesha mtoto kila akija.

Baba yake, Kapungu, fundi mwashi wa Isevya,
vumbi la saruji kwenye nyusi tangu alfajiri,
ananyoosha mkono: "Hebu."
Anakilaza kifaa kwenye kizingiti cha dirisha,
anasoma. Anakigeuza, kushoto kuwa kulia,
anasoma tena.
"Pimamaji usiyoigeuza usiiamini.
Hiki hakina kosa, daktari."
Kisha anatazama mikono yetu,
mmoja baada ya mwingine, kimya.

Mimi si daktari. Siku ile sikumsahihisha.

Akatoa msumari mfukoni, akapiga magoti,
akazichora nyayo za binti yake kwenye saruji ya serikali
ili zisimame palepale siku nyingine.
Mimi na Zaituni tukapatana:
mkono mmoja, saa ileile,
mara tatu, pumzi ikiwa imetoka.
Kwenye faili sikuandika wastani,
ingawa namba moja ingependeza.
Niliandika zote, saba, tisa, sita,
na jina la aliyepima kila moja.

Miezi mitatu baadaye Nyamizi akarudi,
akasimama juu ya nyayo zake mwenyewe,
akacheka: vidole vyote kumi
vilikuwa vimevuka mstari.