Kuchagua Mawe

Kwa Jethalal, sonara wa Mkunazini,
ufagio ni kazi ya amana.
Vumbi halimwagwi. Hutiwa debeni, likaandikwa tarehe,
na mwaka ukipita huchomwa, likatoka tone la dhahabu
dogo kama chozi la mtu asiyetaka kulia.
Miaka kumi na tisa nafagia hapo, mimi Kazija binti Makame,
na kila magharibi hukung'uta kanga yangu mlangoni,
nikamwonesha: mitupu, bwana, mpaka kesho.

Jumanne hiyo akaja mgeni, mwanamke wa Kibelgiji,
pua imeiva jua,
pete yake imelegea makucha.
Jethalal akaishika kwa koleo,
akasema neno moja tu, "Aree,"
na jiwe likaruka.

Basi tukapiga magoti.
Mgeni akapiga magoti na gauni lake jeupe.
Jethalal akapiga magoti, na magoti yake yana baridi yabisi.
Mimi huko chini nimeshazoea.
Feni ikazimwa, mlango ukafungwa.
Muuza kahawa akagonga, akafukuzwa.

Chini ya meza, jasho likimdondoka,
Jethalal hakunyamaza; hofu humfanya mwalimu.
"Kazija, jiwe hili limetembea kuliko meli.
Pengine lilichimbwa Mwadui, Shinyanga, nani ajuaye,
likenda Antwerpen kwa hawa kina mama kupimwa,
likashuka Surat kwa wajomba zangu kukatwa,
nyuso hamsini na saba, kila uso kioo,
likapanda Dubai, Hong Kong wakalitaka,
Wamarekani wakalitaka zaidi, kule ndiko kwenye vidole.
Kila nchi huliagiza, kila nchi hulitoa tena,
kama sinia la harusi linavyopita mkono kwa mkono,
na hujui nani aliyeshiba."
Akazihesabu nchi kwa vidole, vidole vikaisha,
na jiwe bado.

"Na Shinyanga?" nikamuuliza.
"Shinyanga nini?"
"Wao wanaagiza nini?"
Akainama kutazama mvungu wa kabati.

Nikaondoka, nikenda nyuma kuchukua ungo.
Nikazoa vumbi lote la asubuhi,
nikapepeta kama nipepetavyo nyumbani Jang'ombe,
nikachagua: uzi, ukucha, kipande cha risiti,
bawa la mende, punje ya ufuta wa mkate.
Mgeni ananitazama kama anayemtazama mganga.
Maisha yangu yote nachagua mawe niyatupe.
Siku hiyo nilichagua jiwe nisilitupe,
na vidole, wallahi, havikujua tofauti.

Lilikuwa dogo, kama chenga ya chumvi,
halina hata adabu ya kung'aa mpaka nilipolipuliza.

Mgeni akalia, akanikumbatia, vumbi na yote,
akanitia elfu hamsini mkononi.
Jethalal akalipima, akataja thamani yake kwa Kiingereza.
Mimi Kiingereza sikijui, lakini tarakimu nazijua kwa lugha zote.
Nikaigawa kwa mshahara wangu:
miaka sita na miezi, na hapo sijala.

Mlangoni nikakung'uta kanga.
Alisema leo si lazima.
Nikaikung'uta.

Darajani nikanunua kilo tano za mchele wa Pakistani,
maana nasi tunaagiza, hakuna kisiwa kisichoagiza,
na usiku nikakaa na ungo wangu mwenyewe.
Nikalikuta: jeusi, limechongoka,
kubwa mara nne ya lile la dukani.
Limepanda meli Karachi, limeshuka Malindi
ndani ya gunia, halikupimwa, halikulipiwa ushuru,
na hapana aliyelipigia goti.
Nikaliinua kwenye taa. Halikurudisha kitu.

"Bibi, tupa hilo," akasema Zuwena, "nina njaa."

Nikaliweka dirishani kwanza.
Nikaendelea kuchagua.