Utenzi wa Lita Elfu

Kalamu naishikia,
si ya wino wa sharia,
ni ile nilotumia
kwa kazi ya bandarini.

Kazi yangu kuandika
mafuta yanayotoka,
lita ngapi zimeshuka
boti ya wagonjwa ndani.

Ni Somoe wa Shekuwe,
jina lake mlijuwe,
nami langu nisitowe:
wana wangali shuleni.

Alifunza mahesabu
watoto kwa taratibu,
na aliyekosa jibu
hurejea ubaoni.

Mumewe, Bwana Famau,
mpole, hana dharau,
hotuba huzisahau
akipanda jukwaani.

Kura alizitafuta
mke, nyumba akipita,
akiketi, akiteta
na wake wa majikoni.

Faza akalala siku,
Siyu kachinjiwa kuku,
Witu kafika usiku,
matope hadi gotini.

Siku bwana kaapishwa
na bibi alivalishwa,
kwa zulia kapitishwa,
"Mama Kaunti" kitini.

Akapewa na mkasi,
akate utepe basi,
atabasamu kiasi,
apigwe picha pembeni.

Mja mzito wa Pate
usiku kapiga kite,
simu wakapiga zote:
boti haina tangini.

Mpaka kulipokucha
mtoto alimuwacha;
nyanyake akamficha
kanga ya mamake ndani.

Somoe kenda hitima,
kakaa, kajiinama,
aliporudi, kasema:
"Kitabu nileteeni."

Kurasa nikafunua:
sahihi za kuchukua
nahodha hakuzijua,
mkono ni wa nyumbani.

Ni wa Bunu, shemejiye,
wali aliyela naye,
na posa kaleta yeye;
lita zauzwa gatini.

Akanitazama sana:
"Una hakika, kijana?"
Nikajibu, "Ndiyo, mwana,"
jasho latoka shingoni.

Kukawa na mkutano,
sifa tele na maneno;
akainua mkono
pale pale Mkunguni.

"Lita elfu kwa hesabu,
sitini zenye jawabu.
Bunu, njoo utujibu:
zilobaki zi kwa nani?"

Punda mmoja kalia,
watu wakaangalia
viatu walovalia;
Famau kama haoni.

Wazee wakamsuta:
"Kura gani kazipata?
Ni nani aliyemwita?
Mke arudi chumbani!"

Naye kajibu, "Ni kweli,
kura sina, nakubali;
ila zenu, kila mwali
kaziomba kitandani."

Boti ikajazwa tena
usiku hata mchana,
na wazazi wakapona;
mimi, barua pochini

ya kunifuta ajira.
Somoe, bila hasira,
makosa akayachora
kwa wino wa mtihani.

Uchaguzi ulirudi,
mpinzani akazidi,
wakanena mahasidi:
"Mke kamuweka chini."

Famau kanywa kahawa,
kakohoa, kachelewa:
"Mimi nilishaelewa
tangu mwanzo. Samahani."

Hakujibu. Kaondoa
kikombe kilicho doa,
maji mengi akatoa,
akaosha kwa makini.

Kisha, kwa jina la kwake,
asema na lisomeke,
kagombea wadi yake,
kashindwa kwa ishirini.

Jana nilimpitia,
mkasi akitumia,
ule ule wa zulia,
kwa bamia za chanoni.

Kamuuliza: "Hasara
si kubwa? Cheo na kura,
mume, jina na ijara:
tumebaki tuna nini?"

Kahesabu kwa vidole
wazazi wa boti ile,
vikaisha, pia vile
nilonavyo mkononi.

"Shika," akanipa, "kata.
Wake kumi nimeita,
tutakula, tutateta;
kalamu i mkobani?"