Kabla ya Kengele

Stima ilipotea saa tisa usiku, Dandora nzima giza,
vitambaa vya altare nikavipiga kwa pasi ya makaa,
nikipuliza majivu pembeni, yasitue patakapolala Mwili.
Miaka kumi na tisa nashika ufunguo wa sakristia.
Najua padri yupi huja ameshasali
na yupi huja akitafuta miwani.

Padri Wafubwa alimtangulia jogoo wa jirani.
Hakunisalimu. Akafungua bomba, likakohoa hewa:
Alhamisi si siku yetu ya maji.
Nikammiminia kutoka mtungini.
Akaosha mikono. Akaiosha tena.
Ya tatu, nikaona maji yanakwisha na doa silioni.

Amikto mabegani. Alba. Mshipi, fundo moja.
Kila vazi na sala yake, midomo ikicheza bila sauti.
Akaibusu stola penye msalaba,
akakwama.

"Jana," akasema, akiuambia ukuta,
"nilimdai Mama Nthenya kadi ya jumuiya,
mumewe yuko mochari, hajazoea hata kuitwa marehemu.
Nilihesabu mihuri. Miezi saba haikugongwa.
Nikamwambia Kanisa lina utaratibu."

Nimjibu nini? Nilikuwa nje ya mlango ule.
Nilisikia, nikaona heri nipange viti.

Kuhani wa kale, katekista alitufunza,
aliingia na damu ya fahali kwa dhambi zake mwenyewe,
ndipo ya mbuzi kwa dhambi za watu.
Fahali kwanza.
Sisi hatuna fahali. Hapa kuna mbuzi tu, wala karatasi,
na Mmoja aliyekwisha kutolewa, mara moja, kwa wote,
ambaye mikono hii itamwinua
ikiwa safi, ikiwa si safi.
Hilo ndilo linalotisha:
akiitwa, atakuja tu.

Akailaza stola mezani,
akatoka na alba yake mvuani,
akaruka mtaro nyuma ya choo cha shule.

Saa ya kengele ikapita.
Kanisani kikaanza kikohozi cha wanaochelewa kazini.
Mzee Gichohi wa kwaya akaniuliza kwa nyusi.
Nikamjibu kwa mabega.

Dakika ishirini na tano.
Akarudi, pindo la alba limejaa matope meusi.
Nyuma yake Mama Nthenya, kitambaa cha kichwa kimelowa,
akaketi benchi la mwisho.
Walichosemezana sikijui;
kuna maneno yasiyo ya sakristani.

"Padri, ipo alba nyingine, nimeshaipiga pasi."
"Hii."
Nikammiminia maji yaliyobaki.
Safari hii aliosha mara moja.

Stola shingoni. Kasula ya zambarau.
Ndipo nilipofungua droo ya chini
nikatoa korporale niliyoiunguza Kwaresima ya mwaka jana,
niliyoificha chini ya vipande vya mishumaa,
nikaitandaza mbele yake,
alama ya kahawia, kama wayo.
Akaitazama. Akanitazama.
"Gonga kengele, Sabina."

Jumatatu nilifua ile alba.
Maji ya kwanza ya vitambaa vitakatifu hayaendi mtaroni,
huenda udongoni, chini ya waridi la Bikira.
Alba haimo katika sheria hiyo.
Najua. Nilibeba beseni hadi pale,
maji meusi kama kahawa,
nikayamwaga polepole.