Ulimi Wenye Magoti

Ruwi, saa nne asubuhi, joto limeshavuta kiti.
Kiyoyozi kinakohoa juu ya rafu za dawa za kikohozi.
Naitwa Thuwaiba; kwenye beji wameandika Thuwa,
aliyeichapa alibana herufi.

Bwana Hargreaves wa Qurum huanza na hali ya hewa.
Nami huanza naye, ingawa hali ya hewa
haijabadilika tangu Aprili.
Halafu: samahani, endapo si usumbufu,
pengine ingefaa kidonge hiki
kikatangulia chakula cha jioni.
Naizungusha sentensi kama mtu anayepanga kanga
kabla hajakaa mkekani.
Maana yake: meza kwanza, mzee, ndipo ule.

Kwa simu, na watu wa bima wa Dubai,
Kiingereza changu kimepigwa pasi. Hakicheki.
Na Sherin, wa Kottayam, mwenzangu wa zamu na chai ya maziwa,
kinavua viatu,
kinachovya Kiarabu, kinaazima "ayyo" yake na "ati" yangu,
wala hakuna anayeuliza kitenzi kimelala wapi.

Sikujifunza haya kwa adabu.
Nilijifunza kwa kijana wa gereji ya Wadi Kabir
niliyemweleza matone ya sikio
kwa sentensi ndefu, safi, ya chuo.
Akatikisa kichwa: ndiyo, madamu, ndiyo.
Akaenda akayanywa.
Alipona. Mimi bado.

Tangu hapo nakitoa miba kwanza, kama samaki wa mtoto.
Asubuhi moja. Usiku moja. Tumbo tupu, hapana.
Vidole vinasaidia, nyusi zinasaidia.
Wanasema ulimi hauna mfupa.
Wangu umeota magoti.

Hivyo ndivyo nilivyompokea Mofizul, Alhamisi,
kofia ya ujenzi kwapani,
kiganja kimefungwa kitambaa chenye simenti.
Saba siku, nikamwambia. Maliza yote. Yote!
Saba siku, akajibu. Mimi maliza. Sawa, dada.
Tukatabasamu kama watu waliovuka mto kwa kurukia mawe.

Simu ikalia. Dubai.
Nikavaa Kiingereza cha pasi, nikabishana dakika sita,
nikalikosa neno moja tu la kujaza kwenye fomu.
Nilipoweka simu alikuwa bado amesimama.
Akasema, kwa Kiingereza chenye madirisha yote wazi:
"Uniwie radhi kwa kusikiliza.
Neno ulilokuwa ukilitafuta, nadhani, ni 'sugu'.
Nilifundisha sarufi Komilla, miaka kumi na mmoja,
kabla ya deni la viza.
Uliponisemesha vile nilidhani ndicho ulicho nacho.
Nikakipunguza changu, nisikuaibishe."

Kumbe tulikuwa wawili mlangoni,
kila mmoja ameinama kwa heshima ya ufupi wa mwenzake,
na mlango wenyewe mrefu, ngamia angepita.

Nilicheka hadi Sherin akatoka stoo na maboksi mkononi.
Mofizul hakucheka sana. Aliitazama risiti,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni,
akarudi kwenye vyuma vyake na saba siku zake.

Jioni mama akapiga: "We, umekula?"
Mama, aliyezalisha nusu ya Ng'ambo kwa mikono yake,
kisha akafika Maskati akanunua vitunguu kwa kunyoosha kidole
sokoni Matrah, wenye duka wakimkatia Kiarabu vipande vipande,
kwa sauti ya juu, kana kwamba ni kiziwi.
Sikuwahi kumuuliza alikuwa akijibu nini moyoni.
"Nimekula," nikasema. Nilikuwa sijala.

Jumamosi, mteja wa kwanza, vumbi hadi kwenye kope.
Nikafungua kinywa. Nikakifunga.
Nikasubiri aanze yeye, nipime kimo cha mlango.
Naye, maskini,
alikuwa akinisubiri mimi.