Nusu ya Nini

Alikuja saa saba mchana, foleni imefika barazani,
viatu vyake havijaonja vumbi la Kirumba.
Alileta kalamu, saa ya ukutani,
na sato wa kukaanga kwenye maboksi, na limao pembeni.
"Dokta, dawa hii ya presha
inapunguza kiharusi kwa nusu."
Nusu!
Nikaiona nusu ya wodi ikiamka, ikikunja mashuka yake.

Kwenye mchoro, dawa ya zamani ilisimama kama mnara wa simu,
mpya imekaa chini, kigoda cha jikoni.
Sikuuliza nusu ya nini.
Mdomo ulikuwa na samaki.

Miezi minne niliandika jina lile
kwa kalamu yenye jina lile,
nikiitazama saa yenye jina lile nisichelewe kulala.
Vidonge vya bei ya chapati mbili
nikaviita vya kizamani,
kana kwamba damu husoma kalenda.

Kisha akaja Ng'washi Lugembe, muuza dagaa,
karatasi yangu ameikunja mara nne.
"Mwezi wa kwanza nilikopa. Wa pili nimeuza mizani.
Wa tatu niuze nini?"
Nikamweleza habari ya nusu. Akasikiliza vizuri, mpaka mwisho.
"Sisi pale mwaloni," akasema,
"dagaa wazuri tunawaweka juu ya gunia.
Mgeni hutazama, akalipa.
Mwenyeji huzamisha mkono mpaka kiwiko.
Wewe ulichokora?"

Usiku niliitafuta ile karatasi ya kung'aa.
Maandishi ya chini, madogo kama mayai ya chawa:
katika watu mia wa dawa ya zamani, kiharusi wawili.
Katika mia wa dawa mpya, mmoja.
Basi ndiyo nusu. Kijana hakusema uongo.
Nikazamisha tena, penye mchanga na magamba:
wale wa dawa ya zamani
walipewa nusu ya dozi.

Nusu nyingine hiyo hapo.

Jumatano amerudi, safari hii na miavuli, maana masika yameanza.
"Dokta, nina habari njema."
"Weka hapa mezani," nikamwambia,
nikakunja mkono wa shati.

Ng'washi nimemrudisha kwenye vidonge vyake vya zamani, dozi kamili.
Presha imetulia.
Mizani yake iko kwa mtu Kitangiri,
inapima nyanya.