Namba 1147

Mtungi una matumbo mawili,
mapacha walioshikana kwa mkono wa udongo:
juu ya la kwanza ameketi ndege, mdomo wazi kidogo,
juu ya la pili shingo nyembamba, ya kutilia maji.
Kadi yasema: Lambayeque. Udongo wa kuchoma. Zawadi.
Haisemi zawadi ya nani kwa nani.

Eudocia Farroñán anajua.
Babu yake Baltazar aliuchimbua usiku kwa koleo la kukopa,
chini ya mifupa aliyoiomba radhi
kwa moshi wa tumbaku na pombe ya mahindi,
akauuza kwa gunia la mchele na punda jike
aliyekufa kabla mchele haujaisha.
Leo mjukuu analipwa mshahara
kufuta vumbi la kitu kilichowahi kulala kwao
usiku mmoja, mvunguni, ndani ya blanketi.

Ukutani mwa ghala: MAJI MARUFUKU.
Miaka kumi na tisa ametii.
Brashi kavu. Glavu. Pumzi pembeni.
Chini ya mkono wa mtungi pana alama ya kidole gumba;
siku moja alivua glavu akajaribu chake.
Hakikuenea. Kilikuwa kidole cha mtoto,
au cha mwanamke mdogo mwenye haraka zake.
Mfinyanzi hulia gaeni:
huyu, basi, alinywea nini?

Machi bahari ikapata homa,
mvua ikaishukia nchi isiyoizoea.
Paa likavuja saa nane za usiku,
na kati ya rafu zote,
kati ya vichwa vya mabwana, vyura, maboga ya udongo,
tone likaichagua shingo ile.
Kisha la pili. Kisha hadi alfajiri.

Asubuhi akaukuta mzito, uzito wa kitu kilichoshiba.
Hakuita mtu.
Akauinamisha upande wa ndege, polepole,
maji yakahama tumbo hadi tumbo
yakiisukuma hewa mbele yao,
na ndege akapiga mluzi.

Haukuwa wimbo.
Ilikuwa kama mtu nyuma ya ukuta
anayeita jina lisilo lako,
nawe ukageuka.

Akauinamisha tena. Hiyo haikuwa lazima.

Ndipo akaumimina ndooni, akajaza fomu.
Hasara: hakuna.
Maelezo: kalamu ikakaa hewani muda mrefu,
hata wino ukaanza kukauka.
Umekaushwa, akaandika.
Glavu hakuzitaja.